Moneymaker: nyanya ya kale kwa bustani ya nyumbani, na kazi inayodai

Ni nadra kuingia duka la pembejeo, iwe Arusha, Morogoro au Nakuru, ukaikosa pakiti ya Moneymaker. Wengi huichukua kwa bei yake na kwa kulizoea jina. Kilichomo ndani ni mbegu ya kale: nyanya ya Kiingereza ya mwanzoni mwa karne ya 20, iliyojipatia sifa katika nyumba za vioo za huko kabla mbegu chotara hazijashika soko. Yenyewe si chotara. Mbegu utakazozitoa kwenye tunda lake zitazaa nyanya ile ile msimu hata msimu, hivyo pakiti moja yaweza kuwa ya kwanza na ya mwisho kuinunua.

Niseme hukumu yangu mapema. Kwa bustani yenye miche 4 hadi 12, na mtu anayeipitia kila siku mbili tatu, Moneymaker inafaa kuliko mbegu nyingi za bei kubwa. Kwa anayetaka kupanda, kumwagilia na kusubiri tenga lijae, hii si mbegu yake. Nayo haina kinga ya maana dhidi ya magonjwa. Maabara zinazochunguza maradhi ya nyanya huitumia Moneymaker kama mmea wa kulinganishia, kwa sababu hukubali kuugua. Ukinunua ukilijua hilo, hutaishia kulaumu duka.

Kwanza pakiti yenyewe. Gramu 1 ya mbegu za nyanya ina punje 300 hivi. Pakiti ya gramu 10 ni punje 3,000 kwa mtu anayehitaji miche 12, na hili ni kosa la wauzaji wengi: wanamfungia mwenye bustani kama wanavyomfungia mkulima wa ekari. Tafuta gramu 5, au mgawane majirani watatu. Zinazobaki zitie kwenye chupa ya kioo yenye kifuniko cha kukaza, pamoja na kijifuko cha mchele mkavu uliokaangwa bila mafuta ukapoa, uweke mahali pa baridi na giza. Zikikaa kavu, mbegu za nyanya huota vizuri hata baada ya miaka 4.

Tazama tarehe ya kufungashwa, kiwango cha uotaji, na lebo ya taasisi ya kukagua mbegu: ya TOSCI kwa Tanzania, ya KEPHIS kwa Kenya. Mbegu zinazopimwa kwa kijiko kutoka kopo lililo wazi usiziguse hata ukiapiwa. Humo huchanganyika aina mbili tatu, na utagundua baada ya miezi miwili. Mche ukifika urefu wa goti ukasimama na kumalizia ncha yake kwa ua, hiyo si Moneymaker. Matunda yakiwa na umbo la yai, una Rio Grande, Roma au Cal-J. Moneymaker ni mviringo, laini, bila mikunjo begani, saizi ya kujaa kiganja cha mtoto, gramu 80 hadi 120. Na ukiona F1 kando ya jina, unauziwa chotara. Inaweza kuwa nzuri, ila mbegu zake hazitakurudishia mmea ule.

Kabla ya kusia, jaribu uotaji. Punje 20 kwenye karatasi ya chooni iliyolowa, ndani ya mfuko wa nailoni, mahali penye joto la chumba. Baada ya siku 7 hesabu zilizochipua: 16 au zaidi, endelea, chini ya 12, rudisha pakiti au sia mara mbili ya kiasi. Mbegu zenye rangi ya waridi au buluu zimepakwa dawa ya ukungu, usizishike kwa mkono mtupu.

Jambo linalowashinda wengi ni kwamba Moneymaker ni nyanya ndefu. Haina mahali pa kuishia. Itarefuka mpaka ugonjwa, baridi au mikono yako iizuie, na itazaa njiani kote. Hii ndiyo faida yake nyumbani: nyanya fupi kama Cal-J au Roma huivisha karibu zote ndani ya wiki chache, vizuri kwa anayepeleka sokoni, lakini mama wa nyumbani anahitaji nyanya sita leo na sita keshokutwa. Moneymaker ikianza, siku 75 hadi 80 tangu kuhamisha miche, hutoa kichala baada ya kichala kwa miezi miwili au mitatu. Mmea uliotunzwa vizuri ukabeba vichala 6, kila kimoja matunda 6 ya gramu 90, umekupa zaidi ya kilo 3 kutoka kipande cha ardhi kisichozidi kiti.

Gharama yake ni nguzo na vidole. Simika mti wa mita 2 siku ile ile ya kupandikiza, sentimita 50 ziwe ardhini. Ukisimika baadaye utakata mizizi. Funga kwa kamba ya katani au kitambaa kwa umbo la nane, kitanzi kilicholegea upande wa shina, kilichokazwa upande wa mti. Kila sentimita 25 fundo jipya. Waya na nyuzi za nailoni nyembamba hukata shina upepo ukivuma.

Kisha machipukizi. Kwapani mwa kila jani hutoka chipukizi linalotaka kuwa shina jingine. Lichomoe kwa vidole likiwa chini ya sentimita 5, asubuhi, umande ukishakauka, kidonda kifunge kabla ya jioni. Likizidi urefu wa kidole linataka kisu, na kisu kinachotoka mmea hadi mmea kinabeba virusi na bakteria. Kichovye kwenye maji ya jiki kila unapohama. Bakiza shina moja kwenye ndoo, na kwenye tuta bakiza mashina mawili: lile kuu na chipukizi lililo chini kidogo ya kichala cha kwanza. Ukipitisha wiki tatu bila kupogoa utakuta kichaka. Hewa haipiti, majani ya ndani hayakauki, ukungu umeshafika. Watu wanaosema Moneymaker “inaugua ovyo” mara nyingi wanasimulia kichaka hicho. Majani ya chini nayo yaondoe kidogo kidogo, mpaka sentimita 30 toka ardhini pawe peupe, kwa kuwa matone ya mvua hurusha udongo na magonjwa yake juu ya jani la chini.

Kitaluni, sia kwa kina cha sentimita 1, mistari iachane sentimita 10, funika kwa nyasi kavu na uziondoe siku unapoona kichwa cha kwanza, kwa kawaida siku ya 5 hadi ya 8. Ukichelewa kuziondoa kwa siku mbili tu, miche inakuwa myembamba na meupe kama uzi. Hamisha ikiwa na siku 25 hadi 30, urefu wa sentimita 15, unene wa penseli. Wiki ya mwisho punguza maji ili ikomae. Pandikiza jioni, na uzike shina mpaka chini ya majani halisi ya kwanza: nyanya hutoa mizizi kando ya shina lote lililofukiwa, na mizizi hiyo utaihitaji jua likikaza. Kwenye tuta acha sentimita 50 kati ya mche na mche, 75 kati ya mstari na mstari.

Kwa ndoo, kipimo cha chini ni lita 20, mche mmoja. Wauzaji wa miche hukuonyesha nyanya nzuri kwenye kopo la lita 5. Ni nzuri siku hiyo. Toboa matundu sita ya unene wa kidole chini, changanya sehemu 2 za udongo wa juu, 1 ya mboji au samadi iliyoiva, 1 ya mchanga mnene. Samadi mbichi huunguza mizizi na huleta magugu. Ndoo nyeupe ni bora kuliko nyeusi, hasa pwani, ambako ndoo nyeusi inayopigwa na jua la alasiri hupika mizizi ya pembeni.

Mbolea, tumia kizibo cha soda, ambacho hubeba gramu 5 hivi. Kizibo 1 cha DAP, mbolea ya kupandia, kwenye shimo, ukichanganye na udongo kisigusane na mizizi. Wiki mbili baadaye kizibo 1 cha CAN, mbolea ya kukuzia yenye naitrojeni, kwa kuzungusha, sentimita 10 toka shinani, kisha vizibo 2 maua yanapotoka. Kwenye ndoo toa nusu ya vipimo hivyo, mara nyingi zaidi, kwa sababu maji yanaisafirisha chini. Mmea wenye majani mapana ya kijani kibichi kilichokolea, shina nene kama kidole gumba na maua machache umelishwa naitrojeni kupita kiasi. Acha CAN, usiongeze kitu chochote mpaka uone vichala.

Maji ndiyo huamua kama utakula au utatupa. Matunda yanapoanza, ndoo moja inataka lita 2 hadi 3 kwa siku za jua; tuta lenye matandazo linataka kunyweshwa kwa kina mara mbili au tatu kwa wiki, shinani, si majanini. Ukikausha siku nne kisha ukafurikisha, yatakupata mawili. La kwanza ni kuoza kitako: doa jeusi lililobonyea chini ya tunda, hasa vichala vya mwanzo. Si mdudu wala ugonjwa wa kuambukiza. Kalisi, yaani madini ya kalsiamu, huletwa na maji, na maji yakikatika tunda linakosa kalisi hata kama udongo unayo tele. Watu humimina maganda ya mayai yaliyosagwa. Maganda huoza polepole mno kuokoa tunda la msimu huu. Rekebisha maji, chuma yaliyoharibika, kichala kinachofuata kitatoka safi. La pili ni kupasuka. Ganda la Moneymaker ni jembamba, na hii ni kasoro yake ya kweli ikilinganishwa na Cal-J au Rio Grande: mvua moja kubwa baada ya ukame, na matunda yaliyokaribia kuiva yamechanika begani. Dawa ni kuchuma mapema, tunda linapoanza kugeuka rangi kitakoni, na kuliivishia ndani kwenye kikapu. Ladha haipungui kwa kufanya hivyo. Inapungua ukiliweka kwenye friji likiwa halijaiva.

Sasa hali ya hewa, kwani hapa pakiti zinanyamaza. Nyanya hii hupoteza maua usiku ukizidi nyuzi joto 22 au 23 mfululizo, na chavua hufa mchana ukipita 34. Dar es Salaam, Tanga na Mombasa, kati ya Desemba na Machi, utapata mmea mrefu wenye maua yanayodondoka na kikonyo chake. Usipulizie chochote, hakuna dawa ya joto. Sia mwanzoni mwa Aprili, kitalu kiwe chini ya paa la nailoni kukinga masika, uhamishe mwanzoni mwa Mei, maua yaangukie Juni na Julai penye usiku wa nafuu. Hata rangi itakuwa bora: juu ya nyuzi 30 wekundu wa nyanya hautengenezwi vizuri, tunda hubaki la chungwa lenye bega la manjano, na wengi hudhani wameuziwa mbegu mbaya. Arusha, Lushoto au Nairobi tatizo ni kinyume chake. Sia mwishoni mwa Juni ili maua yakutane na joto la Septemba.

Magonjwa. Nyanda za juu wakati wa masika, bakajani chelewa humaliza Moneymaker ndani ya wiki moja: madoa ya kijani cheusi yaliyolowa, unga mweupe chini ya jani asubuhi, matunda yenye mabaka magumu ya kahawia. Dawa ya ukungu ya mankozebu hufanya kazi ikitangulia ugonjwa, na haifanyi kazi ukishauona umeenea. Soma kwenye lebo siku za kusubiri kabla ya kuvuna. Kwa miche sita, paa la nailoni angavu juu ya fito nne, pande zikiwa wazi, linashinda dawa yoyote. Ukungu huo unahitaji jani lililolowa kwa saa nyingi; jani kavu halishikwi.

Rasta ni habari nyingine. Majani hujikunja kwenda juu kama vikombe, kingo za manjano, mmea unadumaa. Ni virusi vinavyoletwa na nzi weupe, na mche ukiambukizwa kitaluni hautazaa tunda la maana. Ng'oa, uzike. Chandarua chenye matundu madogo juu ya kitalu kwa mwezi mzima wa kwanza ndiyo kinga inayolipa.

Kanitangaze, yule nondo aliyeingia Kenya na Tanzania mwaka 2014, anajulikana na kila mkulima. Kiwavi wake hukaa ndani ya jani, kati ya ngozi mbili, akiacha mabaka meupe yenye kinyesi cheusi, kisha hutoboa tunda karibu na kikonyo. Mkulima wa shamba kubwa hupulizia na bado analia. Mwenye bustani ana nafasi nzuri zaidi kwa sababu anaweza kugeuza kila jani. Mara mbili kwa wiki chuma majani yenye mabaka, yafunge kwenye mfuko wa nailoni juani mpaka yakauke. Usiyatupe kwenye shimo la mboji. Mwarobaini na dawa za bakteria Bacillus thuringiensis husaidia kiwavi angali mdogo. Usipande biringanya wala viazi mviringo jirani, ni nyumba yake ya pili.

Panapostahili kuikataa Moneymaker kabisa ni kwenye udongo wenye mnyauko bakteria. Mmea hunyauka ghafla ukiwa kijani, mchana, na hauamki tena. Kata shina, liningʼinize kwenye glasi ya maji angavu: nyuzi kama maziwa zikishuka ndani ya dakika chache, umepata jibu. Bakteria huyo hukaa ardhini miaka mingi. Hamia kwenye ndoo zenye udongo wa kwingine ambako hapajawahi kulimwa nyanya, pilipili, biringanya wala viazi mviringo, na ziweke juu ya matofali, mizizi isishuke kugusa ardhi. Mizizi ikiwa na mafundo kama shanga, hiyo ni minyoo fundo, nayo ina njia rahisi zaidi: panda Tengeru 97, aina iliyotolewa Tanzania mwaka 1997 na inayostahimili minyoo hao. Nayo pia si chotara, unaweza kutunza mbegu zake.

Ikilinganishwa na za kale nyingine, Marglobe ndiyo mpinzani wa karibu. Iliidhinishwa na wizara ya kilimo ya Marekani mwaka 1925, jina lake limetokana na wazazi wake wawili, Marvel na Globe, na ilizalishwa makusudi ili ishinde mnyauko fusari, ugonjwa wa ukungu wa udongoni. Penye fusari nachukua Marglobe bila kusita. Haitambai juu sana wala haidai kupogolewa mno. Roma VF hubeba kinga yake kwenye jina, V kwa mnyauko vertisilia na F kwa fusari, na nyama yake nzito yafaa kwa rojo la kuhifadhi. Wanaoishi Ulaya na Marekani husifu Brandywine na Cherokee Purple, nyanya nene za gramu 300 na zaidi, tamu kweli kweli. Zina haki ya sifa hiyo. Lakini huzaa chache, hupasuka hovyo, na pwani yetu zitadondosha maua kabla ya Moneymaker. Mbegu za hizo mbili pia haziletwi begini tu. Zinataka cheti cha afya ya mimea.

Ladha ya Moneymaker ni ya wastani, na heri mtu asidanganywe. Si ya kumshangaza mlaji, ina uchachu wa kutosha na maji mengi. Kwenye kachumbari inakaa vizuri, kwenye mchuzi huyeyuka haraka bila kuacha maganda magumu, ila kwa rojo la kuhifadhi utachemsha muda mrefu kuliko Roma. Iliyonyimwa maji kidogo siku chache kabla ya kuchumwa huwa tamu zaidi; iliyolishwa CAN mpaka mwisho huwa kama maji ya bomba.

Mbegu za msimu ujao zitoe kwenye kichala cha pili au cha tatu, kwenye mmea ulio mzima kuliko yote, si kwenye tunda kubwa kuliko yote. Acha tunda liive mpaka lilainike, likate kwa upana, kamulia mbegu na ute wake kwenye glasi, ongeza maji kidogo, funika kwa kitambaa siku mbili au tatu. Utando wa ukungu ukitanda juu, ute umeachia. Siku zikizidi mbegu zitachipua humo humo. Jaza maji, koroga, mwaga zinazoelea, bakiza zilizozama, osha mpaka maji yawe safi. Zianike kivulini kwenye sahani ya bati, si kwenye karatasi kwa kuwa zitagandamana nayo, na uzichanganye kwa kidole mara mbili kwa siku. Moneymaker hujichavusha yenyewe, hivyo mita 3 toka kwa nyanya ya aina nyingine zinatosha kwa mahitaji ya nyumbani. Matunda mawili hukupa mbegu zaidi ya 100. Andika jina na mwezi kwenye chupa siku hiyo hiyo.